Alexander Cumming, Fundi wa Saa Aliyefunga Njia ya Harufu



Katika gazeti letu tumezoea kusoma maisha ya wahubiri, ya wafalme na ya waganga wakubwa. Leo ninawaletea maisha ya fundi mmoja wa saa. Msicheke. Kazi yake iko chini ya miguu yetu kila asubuhi tukioga, na sisi karibu wote hatukujua jina lake. Mimi pia sikulijua, na kwa kutojua nilikosea wenzangu. Nitalieleza mbele.

Alexander Cumming alizaliwa Uskoti, kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1730. Alijifunza kazi ya saa. Akiwa bado kijana alifanya kazi Inveraray, kwa mkubwa wa kule, Duke wa Argyll. Kisha akashuka London, akafungua duka lake katika Bond Street. Alisifiwa kwa sababu ya mikono yake na akili yake. Mwaka 1763 aliwekwa katika kundi la watu waliopaswa kuchunguza saa ya John Harrison, ile iliyosaidia mabaharia kujua wako wapi katikati ya bahari. Mwaka 1765 alimtengenezea mfalme George III saa ya ajabu. Pamoja na kuonyesha masaa, iliandika yenyewe kwenye karatasi namna uzito wa hewa unavyopanda na kushuka. Mwaka 1766 akatoa kitabu juu ya kazi ya saa.

Mtu wa namna ile angeweza kubaki na wafalme na saa zao tu. Lakini wakati ule hata nyumba za matajiri zilinuka. Choo cha kumwagia maji kilikuwa kimekwisha kufikiriwa: John Harington alikieleza katika kitabu mwaka 1596, siku za malkia Elizabeth I. Ila kulikuwa shida moja. Njia ya uchafu kushuka ilikuwa pia njia ya harufu kupanda. Nani angetaka kitu kama kile karibu na kitanda chake? Watu wakaendelea na ndoo na mashimo karibu miaka 200.

Mwaka 1775 Cumming akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Alifanya nini? Alipinda tiyo chini ya choo kama herufi S. Maji yakishapita, kiasi kidogo kinabaki mu ile kona. Yale maji njo mlango. Uchafu unapita kwa kusukumwa na maji mengine, lakini hewa ya chini haiwezi kupenya na kurudi juu. Hakuna gurudumu, hakuna kamba. Fundi aliyezoea vyuma vidogo vya kuzunguka alifunga harufu kwa kitu kisichozunguka hata kidogo.

Kazi yake haikuwa kamili. Juu ya ile kona aliweka kifuniko cha kuteleza, nacho kilisumbua watu. Mwaka 1778 Joseph Bramah, fundi wa mbao aliyekuwa akiweka vyoo vile katika nyumba za watu, akatengeneza kifuniko kilicho bora. Lakini ile kona ilibaki. Hata leo dushi, lavabo na choo cha maji vinafungwa kwa maji kwa namna ile. Sisi tunaita sifoni.

Mwaka 1783 Cumming alikuwa mmoja wa wale wa kwanza wa chama cha wataalamu cha Edinburgh, Royal Society. Alikufa London tarehe 8 Machi 1814.

Tusimsifu kupita kipimo. Kufunga harufu si kumaliza uchafu. Vyoo vya maji vilipoongezeka London, uchafu ulienda katika mto Thames, na kuko watu walioendelea kunywa maji yake. Wengi waliamini kolera inaletwa na harufu. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba inapita mu maji. Mwaka 1858 mto ulinuka hata wabunge wakashindwa kuvumilia, ndipo Joseph Bazalgette akapewa ruhusa ya kujenga mifereji mikubwa chini ya mji. Sisi wa Goma hatuhitaji kufundishwa kolera ni nini: mwaka 1994 iliua maelfu ya wakimbizi hapa kando ya mji wetu. Na hapa hatuna mifereji kama ya Bazalgette. Kila parsele inachimba shimo lake mu mawe ya volkano, na wote mnajua ugumu wa mawe yale.

Sasa nieleze kosa langu. Tuliporudi kutoka vakansi kubwa, dushi za interna zilinuka kama yai bovu. Mimi kapita nikasema ni watoto wa darasa la kwanza, wanakojoa mu dushi. Nikawasugulisha sima jioni mbili. Wakasugua, mmoja akalia, harufu ikabaki pale pale. Siku ya tatu papa fundi akaja, akainama kwenye tundu, akaomba bidoni ya maji, akamwaga polepole. Jioni harufu ilikuwa imepungua; kesho yake ikaisha. Kumbe miezi miwili hakuna aliyeoga pale, na maji ya sifoni yalikauka. Mlango ulikuwa wazi.

Nimeomba msamaha kwa wale wadogo mbele ya wenzao. Na papa fundi alitufundisha haya:

1. Tundu lisilotumiwa limwagiwe maji kila juma. Kabla ya vakansi, juu ya maji tuweke mafuta ya kupikia kidogo, yasikauke upesi.

2. Tutoe nywele na mabaki ya sabuni chini ya kichujio. Yakioza pale, yananuka hata kama sifoni iko na maji.

3. Tundu likilia glu-glu wakati mtu anamwaga maji pengine, maji ya sifoni yanavutwa. Tiyo inahitaji pumzi, ni kusema tiyo nyingine inayopanda mpaka juu ya paa.

4. Mtu asitoe sifoni ili maji yashuke haraka. Atapata haraka, na harufu pamoja.

5. Javeli inafunika harufu siku moja tu. Tusiichanganye kamwe na asidi, inatoa hewa ya sumu. Sisi wana wa Goma tunajua mazuku. Tusicheze na hewa mbaya.

Tangu juma hili, kumwaga maji ni zamu ya darasa la sita, si ya wadogo. Zamu ya kwanza ni yangu. Bidoni iko nyuma ya mlango wa dushi. Tafadhali mtu asiipeleke mu chumba chake.

Mungu abariki kazi ya mikono yetu.

Kapita wa interna, darasa la sita