Ibn Sina, Tabibu Aliyeugua Tumbo

Huenda hapo Cheptiret ulipo, ukishafuturu tumbo linajaa gesi na kusokota, na usiku miguu inakufa ganzi, nyayo zinawaka moto. Umeacha maziwa, umeacha maharagwe, sasa unataka kuacha na chapati, na daktari bado hajajua una nini. Hebu kaa kitako nikupe habari za Ibn Sina.

Jina lake ni Abu Ali al-Husayn bin Abdillah. Alizaliwa karibu na Bukhara mwaka 370 Hijria (980). Akiwa na miaka 10 alikuwa ameshahifadhi Qur'ani. Bado ni kijana mdogo, si unajua, akaitwa kumtibu mtawala Nuh bin Mansur, naye akamfungulia maktaba yake. Kitabu chake, al-Qanun, kilisomeshwa hata Ulaya kwa karne nyingi. Kweli, wanazuoni kama Imam Ghazali walimkosoa katika falsafa, lakini leo tuko kwenye tiba.

Alipofika Hamadan, alimkuta mtawala Shams al-Dawla akiteswa na msokoto wa tumbo unaoitwa qulanj. Akamtibu, akapona, akamfanya waziri wake. Lakini baadaye mtawala akapuuza masharti ya tabibu wake, ugonjwa ukarudi, akafa.

Sasa angalia, msomaji. Miaka ikapita, Ibn Sina yuko Isfahan kwa Ala al-Dawla, na qulanj ile ile ikamshika yeye. Mwanafunzi wake al-Juzjani ndiye aliyetuachia kisa hiki. Jeshi lilikuwa safarini, naye akahofia kuachwa nyuma. Basi akaharakisha: kwa siku moja akajipiga bomba la tumbo mara 8! Matumbo yakafanya vidonda. Halafu ikaja mishtuko ya kifafa. Akaagiza mbegu za seleri daniq 2 tu, aliyemhudumia akatia dirham 5, yaani mara 15 ya kipimo. Alipopata nafuu kidogo hakujichunga, akaugua tena. Njiani kwenda Hamadan akajua nguvu zimekwisha, akaacha dawa. Imesimuliwa kwamba alitoa sadaka, akaacha huru watumwa wake, akashughulika na Qur'ani. Alifariki Ramadhan ya mwaka 428 (1037), na kaburi lake liko Hamadan.

Unaona? Elimu haikupungua, subira ndiyo iliyopungua.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, usikate vyakula vyote kwa mpigo. Ukiacha vitu vitano pamoja, utajuaje kipi kilichokudhuru? Tena kuna ugonjwa wa utumbo unaoletwa na ngano, hii hii inayolimwa hapa Uasin Gishu. Ukiacha ngano kabla ya kupimwa damu, kipimo kinaweza kuukosa. Na ukiacha nyama, mayai na maziwa kwa muda mrefu, unapungukiwa vitamini B12, na upungufu huo wenyewe huleta ganzi ya miguu. Sukari pia huleta ganzi. Sasa bila kupimwa utatofautisha vipi?

Chukua daftari. Andika ulichokula futari na daku, saa ngapi, na mwili ulisema nini. Punguza mafuta na pilipili, kula kidogo kidogo, usijaze tumbo. Kisha nenda na daftari lako hospitali, iwe zahanati ya karibu au Hospitali ya Rufaa ya Moi pale Eldoret, na mwambie daktari kila dawa uliyomeza, hata ya mitishamba. Ukianza kupungua uzito, kuona damu chooni au miguu kulegea, usingoje Idd.

Na kama daktari Mwislamu mwaminifu amekuambia saumu itakudhuru, Mwenyezi Mungu amekupa rukhsa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Utalipa siku nyingine, si aibu.

Mola awaponye wagonjwa wetu wote na azipokee saumu zetu. Amin.