Salum Abdallah
Salum Abdallah Yazidu (1928 – 1965), maarufu kama SAY, alikuwa mtunzi na mwimbaji wa muziki wa dansi kutoka Morogoro, mji ulio chini ya Milima ya Uluguru nchini Tanzania.

Ujanani alipenda sana santuri za Kuba, hata akatoroka nyumbani ili aende huko. Safari yake iliishia Mombasa, akarudi. Mwaka 1948 alianzisha bendi ya La Paloma, na baadaye akaongoza Cuban Marimba. Kuba hakuifikia, lakini midundo yake aliiimbia kwa Kiswahili.

Alifariki katika ajali ya gari, na Juma Kilaza akashika uongozi wa bendi. Leo nyimbo zake, kama "Ngoma Iko Huku", huhesabiwa miongoni mwa zilipendwa, na wazee huzisikiliza wakikumbuka ujana wao.