Nevil Maskelyne na Wapiga Hesabu Wake

Siku hizi kompyuta zilizotawanyika pande nyingi hugawana hesabu moja kubwa. Nilistaajabu kujua kuwa zamani watu walifanya vivyo hivyo kwa kalamu na barua.

Maskelyne alizaliwa London mwaka 1732, akawa kasisi. Mwaka 1765 alifanywa mkuu wa wajuzi wa nyota wa Mfalme, huko Greenwich. Wakati ule manahodha wengi hawakujua wamefika umbali gani mashariki au magharibi. Mwezi ungeweza kuwaonyesha, ila hesabu zake zilikuwa ndefu mno. Basi Maskelyne akatoa kitabu cha kila mwaka, cha kwanza kikiwa cha mwaka 1767, chenye sehemu kubwa ya hesabu hizo tayari.

Wapiga hesabu wake walikaa majumbani mwao, mbali mbali. Aliwapelekea majedwali na maagizo, na hesabu za kila mwezi zilifanywa na watu wawili, kila mtu peke yake. Majibu yao yalikwenda kwa mtu wa tatu kulinganishwa. Kumbe wawili walinakiliana! Waligunduliwa, wakafukuzwa. Mimi sioni kuwa walionewa, maana tarakimu moja mbovu ingeweza kupeleka merikebu mwambani.

Huko Ludlow, Bwana John Edwards alikuwa akilipwa kwa kazi ambayo mkewe, Mary, ndiye aliyeifanya zaidi. Mume alipokufa mwaka 1784, Maskelyne akampa mama huyo kazi kwa jina lake mwenyewe. Maskelyne alipofariki mwaka 1811, Bibi Mary alikuwa angali akihesabu.