AL-KINDI: MWANACHUONI ALIYEFICHUA SIRI KWA KUHESABU HERUFI



Ndugu msomaji, ukituma pesa kwa simu kutoka hapa Dagahaley kumpelekea mama yako Garissa, namba yako ya siri haisafiri wazi. Hugeuzwa kwanza ikawa kitu kisichosomeka. Wengi wetu tunadhani elimu hii ya maandishi ya siri, ya kuyafunga na kuyafungua, ilianza na Wazungu na kompyuta zao. Kumbe kitabu cha zamani zaidi kinachojulikana kueleza namna ya kuyafungua kwa hesabu kiliandikwa na Muislamu wa Iraq, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita.

Huyo ni Abu Yusuf Yaqub ibn Is-haq al-Kindi, wa kabila la Kinda. Alizaliwa Kufa yapata mwaka 801, wakati baba yake akiwa gavana wa mji huo. Angeweza kukaa tu akala mali ya baba, lakini alifuata elimu mpaka Baghdad. Khalifa al-Maamun alimweka miongoni mwa wanavyuoni wa Baytul Hikma, ambako vitabu vya Wagiriki vilikuwa vikifasiriwa kwa Kiarabu. Baadaye Khalifa al-Muutasim alimpa kazi ya kumfundisha mwanawe Ahmad. Aliandika vitabu na risala zaidi ya 200: falsafa, tiba, nyota, manukato, muziki, hata tarakimu za Kihindi, ambazo ndizo asili ya hizi tunazohesabia leo.

Miongoni mwa hizo ni risala juu ya kufumbua maandishi yaliyofichwa. Zamani mtu akitaka kuficha barua alibadilisha herufi: kila alif anaandika alama fulani, kila lam alama nyingine. Aliyeiona barua njiani aliona vurugu tupu. Kabla ya al-Kindi, Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, bingwa wa lugha mwenye asili ya Oman, alikuwa amekwisha andika juu ya mambo haya, lakini kitabu chake kimepotea.

Al-Kindi aliona jambo moja ambalo liko wazi ukishaambiwa. Kila lugha ina tabia yake, na tabia haifichiki. Wanavyuoni walikuwa wameshazoea kuhesabu aya, maneno na herufi za Qur'ani. Yeye alichukua maandishi ya Kiarabu ya kawaida, yenye herufi zaidi ya 3,600, akazihesabu moja moja. Alif ilitokea mara 600, lam 437, mim 320, nyingine mara chache kabisa. Basi ukipata barua ya siri, hesabu alama zake. Alama inayojirudia kuliko zote yaelekea ni alif, inayofuata ni lam, na kadhalika. Akatahadharisha kwamba barua iwe ndefu ya kutosha, maana kwenye maneno machache hesabu hudanganya.

Hebu jaribu wewe mwenyewe baada ya futari. Chukua ukurasa wowote wa Kiswahili uhesabu herufi. Utakuta "a" imezishinda zote. Jaribu na Kisomali, utaona "a" inaongoza huko pia.

Maisha yake hayakuwa raha tupu. Zama za Khalifa al-Mutawakkil, inasimuliwa kwamba ndugu wawili wa Banu Musa, nao ni wanavyuoni wa hesabu, walimfitini kwa Khalifa. Mzee wa watu akapigwa, na maktaba yake yote ikachukuliwa. Siku zikapita, hao ndugu wakaharibikiwa na kazi ya mfereji wa Khalifa, kwani ulichimbwa vibaya na maji yangekatika mto ukipungua. Wakamkimbilia mhandisi Sanad ibn Ali awaokoe na hasira ya Khalifa. Yeye akakataa kusema lolote mpaka al-Kindi arudishiwe vitabu vyake. Vikarudi vyote.

Al-Kindi alifariki Baghdad yapata mwaka 873. Risala yake ya siri ilikaa karne nyingi bila kusomwa, mpaka ikapatikana katika maktaba ya Istanbul na kuchapishwa Damascus mwaka 1987.

Kazi yake ilitufunza kwamba siri hailindwi na maandishi kuonekana magumu. Ikibaki tabia yoyote ya lugha ndani yake, mwenye subira ataihesabu na ataifungua. Mwaka 1949 Mmarekani Claude Shannon alithibitisha kwa hesabu kwamba maandishi hayafunguki kabisa ikiwa ufunguo wake umechaguliwa bila mpango wowote, una urefu sawa na ujumbe, na unatumika mara moja tu. Hapo hakuna tabia iliyobaki ya kuhesabiwa.

Vijana wenzangu, wapo miongoni mwetu ambao familia zao zilikimbia na kuacha kila kitu, vitabu vikiwemo. Al-Kindi naye alinyang'anywa maktaba nzima, lakini alichokwisha kukisoma hakuna askari aliyeweza kukibeba. Basi tusiseme hesabu ni ya wenye madarasa mazuri na kompyuta. Yeye alikuwa na kalamu, karatasi na subira ya kuhesabu herufi elfu tatu na zaidi. Na namba yako ya siri ni amana, usiifanye mwaka wako wa kuzaliwa. Hiyo nayo ni tabia, na mwizi anaijua.

Allah atukubalie funga zetu na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.