Al-Jazari, Fundi wa Magurudumu ya Meno



Kabla ya Maulidi, vijana wetu hapa Mbinga walitengeneza pambo la mbao la kuzungushwa na mota ya redio kuukuu ya kaseti. Gia walizikata wenyewe kwa msumeno. Pambo halikumaliza hata mzunguko mmoja, meno yalivunjika. Mwenzetu wa Mbamba Bay, ambaye kwao ni wachonga mitumbwi, aliyaokota akatuonyesha: yamevunjika yale yaliyokatisha nyuzi za ubao, yaliyofuata nyuzi yamebaki. Hapo tukamkumbuka Al-Jazari.

Jina lake ni Badi' al-Zaman Abul-'Izz Ismail ibn al-Razzaz. Nisba ya Al-Jazari inatokana na Al-Jazira, nchi iliyo kati ya mito Dijla na Furati. Mwaka 577 Hijria (1181) aliingia katika utumishi wa wafalme wa Artuq waliokuja kutawala Amid, mji ambao leo ni Diyarbakir, Uturuki. Alimtumikia baba, kisha mwana, kisha mwana mwingine, Nasir al-Din Mahmud. Huyu ndiye aliyemwamuru aandike kitabu, nacho kikakamilika mwaka 602 (1206), kikiwa na vyombo 50 pamoja na michoro yake.

Mashuhuri zaidi ni saa ya tembo. Ndani ya tumbo la tembo mna maji, na juu ya maji huelea bakuli lenye tundu dogo chini. Kila nusu saa bakuli hujaa, huzama na kuvuta kamba. Gololi huanguka kinywani mwa nyoka, nyoka huinama kwa uzito, na kuinama kwake ndiko kunakolinyanyua bakuli tena. Hakuna mota wala betri.

Sisi, hata hivyo, tumependa zaidi mashine yake ya kunyanyulia maji. Punda huzungusha gurudumu lenye meno upande mmoja tu. Meno yakishika, kata ya maji hupanda. Yakiisha, kata hurudi yenyewe mtoni.

Mfalme huyo hakupenda mtumishi wala kijakazi ammiminie maji ya udhu, akaomba chombo cha kufanya kazi hiyo. Al-Jazari akaunda sanamu ya mtumishi inayomimina maji kutoka kwenye birika. Fikirini, miaka mia nane iliyopita!

Hakuandika kitu ambacho hajakijaribu. Aliwasoma waliomtangulia, wakiwemo wana wa Musa wa Baghdad, na penye kasoro aliisema: chemchemi zao zilibadilisha umbo haraka mno, mtazamaji hakupata nafasi ya kuona. Aligandisha tabaka za mbao ili zisipinde, akasawazisha magurudumu kabla ya kuyafunga.

Vijana wetu nao wakagandisha mbao tatu nyembamba, nyuzi zikipishana, wakakata gia upya. Usiku wa Maulidi pambo lilizunguka mpaka betri ikaisha.