Al-Khalil bin Ahmad: Mwalimu Aliyetuachia Irabu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Wapenzi wanafunzi, kila mnapofungua juzuu mnakutana na fat-ha, kasra na dhamma. Aliyetuwekea alama hizi kwa sura tunayoijua ni Imamu Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi. Alizaliwa Oman, katika kabila la Azd, karibu na mwaka 100 Hijria (718), akasoma na kusomesha Basra, Iraq.

Kabla yake, Abul Aswad Ad-Duali alikwishaweka nukta za rangi: moja juu ya herufi kwa fat-ha, moja chini kwa kasra na moja ubavuni kwa dhamma. Lakini baa, taa na thaa nazo zina nukta zake, hivyo ilikuwa rahisi msomaji kuchanganyikiwa. Al-Khalil akazitoa irabu katika herufi zenyewe. Fat-ha ni alifu ndogo iliyolazwa, dhamma ni wau ndogo, kasra imetokana na yaa, na shadda ni kichwa cha shini.

Tusizidharau alama hizi. Katika Suratul Fatiha, mwenye kuswali akitia dhamma mahali pa fat-ha kwenye neno la kuneemesha, huwa amejinasibishia nafsi yake neema ambayo ni ya Mwenyezi Mungu peke yake.

Katika msamiati, aliasisi Kitabul Ayn, kamusi ya kwanza ya Kiarabu. Aliipanga kwa makhraji, akianzia kooni kwa herufi ayn. Katika nahau, alimsomesha Sibawayhi, kijana wa Kiajemi ambaye Kiarabu hakikuwa lugha ya mama yake. Kijana huyo ndiye aliyeandika kitabu ambacho wanazuoni wa nahau wanakirejea hadi leo, na ndani yake amemtaja mwalimu wake mara nyingi mno. Basi asiseme mmoja wetu kwamba nahau ni ya Waarabu tu.

Pamoja na elimu hiyo, Al-Khalil aliishi katika kibanda cha matete. Imepokewa kuwa gavana wa Ahwaz alimwita akawasomeshe watoto wake. Akamtolea mjumbe mkate mkavu, akamfahamisha kuwa maadamu anaupata huo, hana haja na gavana.

Alifariki Basra mwaka 170 Hijria (786), na wengine wamesema 175. Imepokewa kuwa alikuwa akiwazia njia nyepesi ya hesabu, ili hata kijakazi anayetumwa dukani asipunjwe. Akaingia msikitini huku amezama katika fikra, akajigonga kwenye nguzo, na hiyo ikawa sababu ya kifo chake.

Tunajifunza kuwa mwanachuoni wa kweli huwarahisishia wanyonge elimu. Wazazi, wasikilizeni watoto wakisoma nyumbani. Nanyi wanafunzi, msiipite irabu mbio mbio, kwani mtu aliumaliza umri wake ili nyinyi msome sawasawa.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.