Mtakatifu Kamilo wa Lellis, Mtumishi wa Wagonjwa

Kila mwaka, tarehe 14 Julai, Kanisa humkumbuka Mtakatifu Kamilo wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa, wa hospitali na wa wauguzi. Wakristo wengi wameliona jina lake katika kalenda, lakini hawajui alikuwa mtu wa namna gani. Yafaa maisha yake yasimuliwe nyumbani mwetu, maana hakuna nyumba isiyopata kuuguliwa, na namna tunavyomtunza mgonjwa ndiyo inayoonyesha kama upendo wa jirani umo moyoni au umo mdomoni tu.

Kamilo alizaliwa tarehe 25 Mei 1550 katika mji mdogo wa Bucchianico, Italia. Mama yake, mwanamke mcha Mungu, alimzaa akiwa na umri mkubwa. Baba yake alikuwa askari, na mara nyingi hakuwapo nyumbani. Mama alifariki Kamilo angali mdogo, na kijana akakua bila mtu wa kumwonya. Alikuwa mrefu kupita wenzake, mwenye nguvu na mwepesi wa hasira. Akaifuata kazi ya baba yake ya kubeba silaha, na pamoja nayo akajifunza kamari. Katika miaka hiyo mguu wake ulipata kidonda ambacho hakikumwacha mpaka kufa.

Mwaka 1571 alikwenda Roma, katika hospitali ya San Giacomo, akatibiwa na kuajiriwa kama mtumishi. Lakini karata zilimshinda. Aliiacha kazi akacheza, akagombana na wenzake, hata akafukuzwa. Akarudi vitani upande wa Venezia dhidi ya Waturuki. Mwaka 1574, mjini Napoli, kamari ilimnyang'anya kila kitu, hata shati lake. Kijana wa miaka 24, mwenye mwili wa kufanya kazi za watu wawili, akawa mwombaji mlangoni pa kanisa. Hapo tunaona jinsi tabia mbaya inavyoanza kwa kula mshahara, ikaendelea kwa kula afya, na mwisho ikamvua mtu heshima yake.

Mungu hakumwacha. Watawa Wakapuchini wa Manfredonia walimpa kazi ya kibarua katika ujenzi wao, na mmoja wao akasema naye kwa upole juu ya roho yake. Tarehe 2 Februari 1575, akiwa njiani, maneno yale yalimchoma. Akapiga magoti chini, akalia, akaahidi kuyageuza maisha yake. Alitaka kuwa Mkapuchini, lakini kidonda kilifumuka tena, wakalazimika kumrudisha. Basi akarudi San Giacomo, mahali pale pale alipofukuzwa. Safari hii aliwahudumia wagonjwa kwa bidii hata akafanywa msimamizi wa hospitali nzima.

Aliyoyaona huko yalimwumiza. Watumishi wengi walifanya kazi kwa ajili ya mshahara tu. Wagonjwa walilala katika uchafu, wengine walikosa mtu wa kuwalisha, na wengine walikata roho bila padre wala rafiki. Mwaka 1582 Kamilo aliwaza kukusanya watu ambao wangewatumikia wagonjwa kwa kumpenda Mungu, bila kutafuta malipo. Mtakatifu Filipo Neri alikuwa mwungamishi wake. Ingawa umri ulikuwa umempita, alikaa darasani pamoja na vijana akajifunza Kilatini, akapata upadre mwaka 1584. Mwaka 1586 Papa Sisto wa Tano aliukubali umoja wao, akawaruhusu kuvaa msalaba mwekundu kifuani. Mwaka 1591 Papa Gregori wa Kumi na Nne aliufanya kuwa shirika kamili la watawa, nao wakaongeza nadhiri ya nne: kuwahudumia wagonjwa hata penye hatari ya kufa.

Kamilo aliwataka wafuasi wake wamtunze kila mgonjwa kama mama amtunzavyo mwanawe wa pekee aliye mgonjwa. Wala hakuishia katika maneno. Waliwaosha wagonjwa, wakawatandikia vitanda na kuwalisha kwa mikono yao. Walijali hewa safi, na chakula kilichomfaa kila mmoja. Wenye magonjwa ya kuambukiza waliwatenga na wengine. Zamani zile hakuna aliyejua habari za vijidudu vya magonjwa, lakini upendo uliwafundisha kuangalia kwa makini, na kwa kuangalia wakajifunza mengi yanayokubaliwa na waganga wa leo.

Nadhiri yao ilijaribiwa mapema. Karibu na Napoli, merikebu zenye tauni zilizuiwa kutia nanga. Watawa wa Kamilo walipanda wakawahudumia wagonjwa, na wawili wao wakafa. Mwaka 1595, na tena mwaka 1601, walikwenda vitani Hungaria kuwatunza majeruhi, zaidi ya miaka 260 kabla ya kuundwa Kamati ya Msalaba Mwekundu kule Geneva mwaka 1863. Mto Tiber ulipofurika Roma mwaka 1598, Kamilo na wenzake waliwabeba wagonjwa wa hospitali ya Santo Spirito, mmoja mmoja, hata ghorofa ya juu.

Mtu huyu mwenyewe hakuwa mzima. Kidonda cha mguu, ngiri na mawe ya figo vilimtesa miaka mingi, naye alipita kitanda hata kitanda akichechemea. Mwaka 1607 aliuacha ukuu wa shirika, ila wagonjwa hakuwaacha. Alifariki Roma tarehe 14 Julai 1614, akiwa na miaka 64. Papa Benedikto wa Kumi na Nne alimtangaza mtakatifu mwaka 1746. Watawa wake wamefika hata kwetu: huko Karungu, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, iko hospitali yao.

Wazazi wapendwa, watoto hujifunza huruma wanapotuona tukifungua dirisha la chumba cha bibi mgonjwa, tukimbadilishia shuka, tukingoja kwa uvumilivu amalize uji wake. Wajifunze pia kuutunza mwili wao kwa usafi, kwa kazi halali na kwa kuepa ulevi na kamari, maana mwili ni amana ya Mungu, na nguvu zake tumepewa tupate kuwasaidia wengine. Nawe muuguzi, usiku unapochoka na mgonjwa akikuita mara ya tatu, mkumbuke Kamilo na mguu wake, kisha umwendee kwa uso mwema. Mtakatifu Kamilo atuombee.